Hodhi la Bi Sumie

Hodhi lilifika Ibra limefungwa kamba juu ya pikapu, mdomo wake umeelekea mbinguni, na mtaa mzima ukaliona. Nadhir alilinunua mji wa Adam, kwenye duka la vyombo vya wafugaji, maana Nizwa yote na maduka yote ya njia ya Bidbid hakupata hodhi la kukogea lenye kina. Yaliyokuwapo ni ya kujinyoosha ndani kama maiti. Alilolitaka yeye ni la kukaa kitako, maji yamfike mtu mabegani.

"Mnafuga ngamia siku hizi, Abu Manar?" aliuliza jirani yao Mahrous, amesimama mlangoni pake na kikombe cha kahawa mkononi.

"La, hili la bafuni."

"La bafuni!" Mahrous alilizunguka pikapu, akalipiga hodhi kofi, likalia dum. "Basi ngamia wenu wastaarabu, mashallah."

Ghaniya, dadake Nadhir, alikuwa dirishani jikoni na kila neno alilisikia. Akacheka mpaka akashika ukingo wa sinki. "Mama! Njoo utazame! Kaka kamletea mkwewe hori la ng'ombe!"

Bi Kuruthum hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa hajakaa kitako. Ameshakung'uta makochi, ameshabadilisha foronya, kisha hakuzipenda akazibadilisha tena. Alitoka mpaka uwanjani, akachungulia ndani ya lile hodhi kama anayechungulia kisima.

"Mwanangu," alisema, "mama wa mkeo anatoka Japani mpaka hapa, nami nimkogeshe kwenye chombo cha mbuzi?"

"Jipya hilo, mama. Halijamnywesha mnyama yeyote."

"Mbuzi hawalijui, lakini mtaa mzima unajua."

Nadhir akazishughulikia kamba. Yeye alishaishi Japani alipokwenda kusoma, na huko ndiko alikompatia mkewe, Chizuru. Alijua watu wale na maji ya moto jioni. Alijua pia kwamba safari hii haikuwa ya matembezi. Kwenye simu mamake Chizuru alishasema kwamba shule kule hufunguliwa mwezi wa nne, kwamba mjukuu wake Manar sasa ana umri wa kuanza, na kwamba chumba kipo kitupu. Hakusema zaidi ya hapo. Nadhir alishindwa kulifungia neno lile kifuani, akamwambia mamake.

"Anakuja kutazama mwanawe anaishi vipi. Akimwona hana raha, atataka kuondoka na Manar akasome kule. Na Chizuru hajakataa."

"Hajakataa ndiyo kakubali?"

"Hajakataa, mama. Ndilo ninalolijua."

Manar alikuwa akilala kitanda kimoja na bibi yake tangu alipoachishwa ziwa. Usiku ule Bi Kuruthum alimfunika shuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hata mtoto akalalamika usingizini.

Hodhi likaingizwa bafu la chini, la wageni, fundi akalitoboa na kulitilia kizibo na bomba la kutolea maji. Chizuru aliposhuka kulitazama, alitia mkono ndani mpaka bega likagusa ukingo. Akakaa hivyo kitambo.

"Linatosha," alisema, akapanda zake juu.

"Ndo shukrani hiyo?" Ghaniya aliuliza. "Miaka yote hii anakula chumvi yetu, na neno lake moja."

"Nyamaza wewe. Macho yake umeyaona?"

"Macho yake siku zote yako vile vile, mama."

"Hujatazama."

*

Bi Sumie alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele fupi za mvi, na alipoteremka garini aliinama mbele ya Bi Kuruthum mpaka Bi Kuruthum naye akajikuta anainama, na goti lake bovu likalia. Walipofika mlangoni mgeni alivua viatu. Badala ya kuingia, akapiga magoti, akavigeuza vidole vielekee nje, akavilaza sawasawa. Kisha akageuza vya Nadhir, vya Chizuru, na ndara za Manar. Akamalizia makubadhi ya Bi Kuruthum mwenyewe.

Ghaniya alimvuta mamake kando. "Umemwona? Hata kukaa hajakaa, viatu vishaelekea uwanja wa ndege. Na vya Manar pamoja."

"Ndivyo wafanyavyo labda."

"Labda."

Lakini neno lilishaingia. Baada ya chai Bi Kuruthum alipita mlangoni kama anayetafuta kitu, akavigeuza viatu vyote vielekee ndani. Alipopita tena adhuhuri, vimeelekea nje. Akavigeuza. Alasiri vimeelekea nje. Hakuna aliyemwona mwenzake akifanya.

Mambo mengine yalikwenda vizuri. Bi Sumie alipoonyeshwa choo alitazama chini kwanza, akaziona ndara za chooni, akatabasamu na kusema neno kwa binti yake.

"Anasema kumbe na nyinyi mna viatu vya chooni," Chizuru alifasiri. Kiswahili chake alikuwa amejifunzia jikoni kwa mkwewe, kwa hiyo alisema kama bibi wa Unguja wa zamani, na watu wasiomjua walikuwa wakigeuka kumtazama.

"Mwambie mtu asiyekuwa na ndara za chooni si mtu," Bi Kuruthum alisema, na moyo wake ukatulia kidogo.

Chakulani ikawa mtihani. Kwa Bi Sumie, punje ya wali haiachwi sahanini. Kwa Bi Kuruthum, sahani ya mgeni haionekani tupu. Basi mmoja akamaliza, mwenziwe akapakua, mmoja akamaliza, mwenziwe akapakua, mpaka mgeni akaanza kutokwa na jasho kwenye paji la uso.

"Mama, kashiba," Chizuru alinong'ona.

"Mbona anakula?"

"Anakula kwa sababu unampa."

Nadhir akacheka peke yake. Manar naye akacheka kwa sababu babake kacheka. Kwa muda mdogo nyumba ilikuwa nyumba.

*

Baada ya magharibi hodhi lilijazwa. Hita lilichemka, bafu likajaa mvuke, na Chizuru aliweka kigoda kifupi sakafuni, kopo, sabuni, taulo. Mgeni aliambiwa atangulie. Akakataa kwa mikono miwili, akamwonyesha Bi Kuruthum. Bi Kuruthum akakataa kwa mikono miwili. Walisukumana hivyo mlangoni mwa bafu mpaka Chizuru akamwambia mamake neno, ndipo akaingia.

Alikawia. Walisikia kopo likimwaga maji, likimwaga, kisha kimya kirefu. Alipotoka uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtoto, taulo dogo limekunjwa mkononi. Akainama mbele ya Bi Kuruthum, akasema maneno mawili.

"Anasema samahani, ametangulia," Chizuru alifasiri, huku anapanda ngazi kwenda kumtandikia mamake kitanda.

"Haidhuru, haidhuru. Alhamdulillahi," alisema Bi Kuruthum. Nadhir alikuwa ameshakwenda msikitini. Bi Sumie akakaa kwenye kochi, ametulia, anangoja.

Bi Kuruthum alimkonyeza Ghaniya: nenda kasafishe bafu.

Ghaniya alikuta sakafu kavu, kigoda kimesuuzwa na kuegemezwa ukutani, hata unywele mmoja haupo. Lakini hodhi lilikuwa limejaa maji tele, na juu yake limefunikwa kwa lile sinia kubwa la pilau.

"Lo!" alisema peke yake. "Kakoga, kaacha maji yake, kisha kayafunikia sinia letu!"

Akang'oa kizibo. Maji yakaanza kushuka bombani kwa kelele, yakigugumia kama mtu anayekabwa. Ghaniya akamwaga dawa ya kusafishia, ile kali ya kwenye chupa nyeupe, akapiga brashi pande zote, akalisugua na sinia pia. Harufu ikatoka chini ya mlango, ikapita ukumbini, ikafika kwenye kochi.

Bi Sumie alisikia maji yanavyokwenda. Alisikia brashi. Harufu ilipomfika aliiweka mikono yake juu ya magoti, akayatazama mazulia.

Chizuru aliteremka mbio, akasimama katikati ya ngazi. Mamake alisema kitu kifupi, bila kuinua uso.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Kuruthum.

"Anasema maji yenu laini," alisema Chizuru.

*

Kesho yake Nadhir alimchukua mgeni wake na Chizuru mpaka Bidiya kuona mchanga. Ghaniya alikwenda pamoja nao, na aliporudi alikuwa na habari.

"Hata kule, mama. Kavua viatu ukingoni mwa mchanga, kavipanga, vidole vyaelekea gari. Jangwa zima hakuna mlango, lakini yeye kavielekeza gari."

Jioni hodhi halikujazwa. Bi Sumie aliomba ndoo. Akakoga kwa ndoo kama mtu aliye safarini, akamaliza upesi, na alipotoka hakusema yale maneno mawili. Wala mlo wa jioni hakuumaliza. Aliacha wali, na Bi Kuruthum, aliyekuwa ameshika upawa, aliurudisha sufuriani polepole.

Siku iliyofuata Bi Kuruthum alipanda juu kutafuta kofia ya Manar. Mlango wa Chizuru ulikuwa wazi nusu. Chizuru alikuwa chini sakafuni, begi limefunguliwa mbele yake, anazikunja nguo za mtoto ndogo ndogo na kuzisimamisha kama vitabu. Sweta la sufu lilikuwamo. Ibra haina haja ya sweta la sufu.

"Nguo hizo za wapi, mwanangu?"

"Nazipanga tu, mama."

"Mbona begini?"

Chizuru aliikunja soksi, akaikunjua, akaikunja tena. "Mama yangu kaniuliza habari ya shule mara ya pili. Kwetu mtu haulizi mara ya pili."

Bi Kuruthum alishuka ngazi ameshika ukuta. Alimngoja mwanawe jikoni, na Nadhir hakupata hata kuvua kofia.

"Mkeo anafunga begi la Manar. Kuna jambo limepita humu ndani na mimi silijui. Wewe unalijua?"

Nadhir alivuta kiti, hakukikalia. "Usiku ule wa kwanza, nani aliyafungulia maji ya hodhi?"

"Mimi," alisema Ghaniya, anakatakata vitunguu. "Nani mwingine wa kusafisha humu? Mtu kakoga, kayaacha maji yake yamelala, hata kizibo hakung'oa. Nikang'oa, nikasugua."

"Ghaniya, wallahi." Nadhir alijishika kichwa. "Wale hawaogi humo. Wanajisugua nje, kwenye kile kigoda, wanajisuuza mpaka wanakuwa safi kabisa. Mule wanaingia kupata moto tu. Halafu wanayafunika yasipoe, kwa ajili ya anayefuata. Anaanza mgeni, au mkubwa, kisha mwingine, kisha mwingine, nyumba nzima. Yeye aliyafunikia mama. Alikaa pale kochini anangoja mama aingie. Badala yake kasikia yanamwagwa, na hodhi linatiwa dawa kama kuna aliyefia ndani."

Kisu cha Ghaniya kilisimama.

"Na wewe ulikuwa wapi usituambie?" aliuliza Bi Kuruthum. "Umeweza kwenda mpaka Adam kununua hori, ukashindwa kufungua mdomo?"

"Mimi nianze kuwahadithia maji ya kukogea ya mama mkwe wangu? Mama, nimeona haya!"

"Haya yako itatupotezea mtoto."

"Haya, nimekosa," Ghaniya alisema, na sauti yake ikapanda. "Lakini na tuseme kweli. Hata ningejua! Mama aingie maji aliyokaa mtu? Tena mtu mwenyewe si Mwislamu? Hapana, khalas, mimi nisingekubali."

Mama na kaka walikuwa wanatazama nyuma yake, na Ghaniya akageuka. Chizuru alikuwa mlangoni na kofia ndogo ya Manar mkononi. Alikuwa ameshuka kuileta.

"Wifi," alisema, pole pole kama kawaida yake, "mimi nimeingia maji ya mama yangu tangu nazaliwa. Baba kwanza, halafu mama, halafu mimi. Wa mwisho. Mpaka nilipoolewa nikaja huku. Mimi nami unanionaje?"

"Chizuru, sikukusudia wewe..."

"Najua. Siku zote hukusudii mimi." Akaiweka kofia juu ya meza, akaipangusa unga uliokuwa haupo. "Mama yangu anasema, kama maji yangu yanawatia kinyaa, wewe umeishije hapa? Nikaenda nikafungua begi."

Akaondoka. Walisikia miguu yake ngazini, haikukimbia.

"Mama," Ghaniya alisema, "nikamwombe radhi?"

"Utamwomba kwa lugha gani, na ulimi wako huo? Kaa." Bi Kuruthum aliufungua mfereji wa sinki, akaufunga, akaufungua tena. "Ule mtaro wa falaji unakokwenda kuoshea mazulia Ijumaa. Kule juu wamekwishakoga wangapi?"

"Yale maji yanapita, mama."

"Na haya yatapita. Jaza hodhi."

*

Manar aliambiwa akae na bibi yake wa Japani amwonyeshe picha za shule. Hodhi lilijazwa tena baada ya magharibi. Bi Sumie alipouona mvuke aliinuka kutaka kwenda chumbani, lakini Bi Kuruthum alikuwa amesimama njiani, taulo begani, kama mtu anayekwenda zake forodhani.

"Chizuru, mwambie mama leo natangulia mimi. Mimi mkubwa kuliko yeye."

Chizuru alimtazama mkwewe. "Mama, maji yake moto sana."

"Nimezaa mara nne. Mwambie."

Chizuru akasema. Bi Sumie aliinama kidogo, akakaa tena. Usoni hapakusomeka kitu.

Bafuni Bi Kuruthum aliishiwa na ujasiri wote. Kigoda kilikuwa kifupi mno, na goti halikukubali. Hakupata kukogeshwa na mtu tangu utoto wake, na sasa alikaa na kanga kifuani mbele ya mke wa mwanawe, ngozi inaning'inia mikononi.

"Geuka, mama," Chizuru alisema. Akamsugua mgongo kwa kitambaa, kwa nguvu, kama anayesugua chungu. Akamsuuza. Akamsugua tena.

"Umeshasugua hapo."

"Mpaka maji ya sakafuni yawe meupe."

"Kumbe ndiyo maana Ghaniya hakukuta hata unywele."

Chizuru hakujibu, lakini mkono ulipunguza nguvu. Kisha alimshika kwapa, wakapanda ukingo wa lile hodhi la Adam, mguu mmoja, mwingine, na Bi Kuruthum akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa Mahrous.

"Ya Rabbi! Nyama hii itaiva!"

"Usitikisike. Ukikaa kimya hayaumi."

Alikaa kimya. Maji yakamfika mabegani. Goti lake, lililokuwa likilia siku zote, likaacha kulia, na Bi Kuruthum akalitazama chini ya maji kama si lake.

"Chizuru. Mbona hukupata kuniambia kuwa unayataka haya?"

"Hukuniuliza, mama."

"Na wewe ukingoja kuulizwa utakufa unangoja."

"Ndiyo," alisema Chizuru, na kwa mara ya kwanza tangu mgeni afike, akacheka kidogo.

Alipotoka, Bi Kuruthum alilifunika hodhi kwa sinia kwa mkono wake mwenyewe. Akaenda ukumbini uso umemwiva, akasimama mbele ya Bi Sumie, akainama mpaka goti lilipokubali.

"Nimetangulia," alisema. "Samahani."

Chizuru akafasiri. Nadhir alitazama miguu yake. Ghaniya alikuwa kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha vyombo amekizungusha mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Bi Sumie alikunywa chai iliyobaki kikombeni. Akakiweka kikombe. Akakigeuza, akakitazama upande wa pili. Manar alitaka kusema, Bi Kuruthum akambana mkono. Maji kule ndani yalikuwa yanapoa.

Kisha Bi Sumie aliinuka, akachukua taulo lake dogo, akaingia bafuni, akafunga mlango.

Kopo likamwaga, likamwaga. Halafu wakasikia sinia likiondolewa, na maji yakipanda taratibu, yakimpokea mtu. Bi Kuruthum akakaa kitako.

Safari hii Bi Sumie hakukawia. Alitoka, akapita mbele ya Bi Kuruthum, akapita mbele ya Nadhir, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni. Akainama mbele ya Ghaniya, akasema yale maneno mawili.

Ghaniya hakuhitaji mfasiri. Alimtazama mamake, mamake akatazama dari. Akamtazama Chizuru, na Chizuru hakuyaondoa macho yake. Kitambaa cha vyombo kikaanguka.

"Haya," Ghaniya alisema. "Haya. Mnanitazama nini? Taulo langu liko wapi?"

Akaingia. Walimsikia anapiga bismillahi kwa sauti, kisha kopo, muda mrefu, mrefu kuliko wa wote, maana Ghaniya akiamua kusugua husugua. Kisha kimya. Kisha:

"Mbona moto hivi! Mnataka kunila?"

Manar ndiye aliyeanza kucheka. Chizuru alipanda juu. Nadhir akainuka amfuate, mamake akamvuta kanzu, kaa. Juu wakasikia zipu ya begi ikienda mpaka mwisho, na hawakujua inafungwa au inafunguliwa. Bi Kuruthum alianza kuhesabu maua ya zulia, akapotea.

Chizuru alishuka na nguo za kulalia za Manar, zile za njano. Zilikuwa na mikunjo ya begini.

"Jitayarishe," alimwambia mtoto. "Baada ya shangazi ni baba, halafu mimi. Wewe wa mwisho."

"Kwa nini mimi mwisho?"

"Mdogo wa nyumba ndiye wa mwisho. Ndivyo ilivyo."

Bi Sumie aliuliza kitu, Chizuru akamjibu, na walizungumza kidogo kwa sauti ya chini, wawili hao, bila kutazamana. Mwishowe yule mama alikubali kwa kichwa, akayakunja makaratasi ya picha za shule, akayarudisha kwenye mkoba wake.

"Kasemaje?" aliuliza Bi Kuruthum, hakuweza kujizuia.

"Anasema mwaka ujao ataniuliza tena."

"Mara ya tatu?"

"Mara ya tatu."

Bi Kuruthum aliyameza hayo. Mwaka ni mrefu, na mwaka ni mfupi. Alfajiri alipokwenda mlangoni, viatu vilikuwa vimeelekea nje, vyote, vya Manar kati ya vyake na vya mgeni. Mkono ulimwasha. Akaviacha hivyo hivyo, akaingia bafuni kuchukua ndoo, maana usiku mtoto aliuliza, "Bibi, maji haya baada yangu nani?" naye alimwahidi kuwa zamu inayofuata ni ya mndimu wa uwanjani.